Vifaranga Wasiohesabiwa

Jumatatu, 6 Juni 1994
Baridi. Wingu limekaa juu ya Meru tangu jana. Nimepeleka gazetini habari ya bei ya kahawa, nimenunua vitunguu, nimerudi nyumbani Sakina kumsikiliza binti yangu Naserian misemo ya Kiingereza. Kampuni mpya ya utalii inatafuta waongozaji wa wageni. Usaili Alhamisi. Tajiri ni Mwingereza, na inasemekana hamalizi sentensi bila kutaja mnyama. Mshike fahali pembe. Chui habadilishi madoa. Usihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

Jikoni Naserian anaijua yote. Mbele ya wageni hukauka. Kampuni mbili zimemkataa kwa hilo. Hii nayo ikimkataa, anarudi kwenye meza ya mitumba ya shangazi yake. Sitaki.

Jumanne, 7 Juni
Mama amekuja kutoka Ngaramtoni na maziwa. Akakaa kusikiliza somo.

"Hawa Waingereza hawana ng'ombe? Mbona kila neno paka?"

"Koko, kuna paka amekula ulimi wa mtu," Naserian akamwambia bibi yake.

"Wako?"

Tulicheka. Kwenye vifaranga mama akaguna. Kwake hata ng'ombe waliokwisha kuingia zizini hawahesabiwi. Wala watoto. Ni kuwaitia mabaya. Jioni husimama langoni akiwatazama wakiingia, na anajua nani hayupo. Naserian amesimama naye pale likizo zote za shule. Nikamwambia mama huu ni usaili, si zizi.

Alhamisi, 9 Juni
Amekauka. Tajiri alimwuliza kama paka amekula ulimi wake, yaani mbona kimya. Msemo anaujua, jibu analijua.

Hata hivyo Jumamosi waombaji wote wanakwenda hifadhini Momela kwa majaribio, na wageni wa kweli. Nina hasira na tajiri kidogo, na Naserian zaidi.

Ijumaa, 10 Juni
Hakugusa misemo. Sikumsukuma. Nimehariri habari ya mabomba ya maji. Mbaya, lakini imekwisha.

Jumamosi, 11 Juni
Amerudi na matope mpaka magotini. Nimemhoji mara mbili. Maelezo hayakubadilika, kwa hiyo naandika.

Wageni walishuka kutazama ziwa. Ukungu mzito. Wakati wa kuondoka dereva akahesabu vichwa. Idadi ikatimia. Akawasha gari. Naserian akasema, kwa Kiingereza na kwa sauti, asimame: mzee wa kofia ya kahawia hayumo.

Dereva akahesabu tena. Imetimia.

"Dada, hesabu hukusoma?"

"Sijahesabu. Mzee hayumo."

Kumbe mpishi wa kambi alikuwa ameomba lifti. Amekaa kiti cha nyuma, kajifunika koti la mvua, akahesabiwa kama mgeni. Mzee walimkuta nyuma ya kichaka alikokwenda kujisaidia. Nyati amesimama kati yake na njia. Askari wa hifadhi akamzungusha mzee kwa mbali, polepole, akamfikisha garini. Salama.

Mzee alikuwa anatetemeka. Naserian akakaa naye, akamzungumzisha Kiingereza mpaka Tengeru. Nikauliza walizungumza nini.

"Ng'ombe wa Koko."

Nikauliza mbona safari hii hakukauka. Akasema hakupata nafasi ya kukumbuka kwamba anaogopa.

Tajiri kamwambia tu aende ofisini Jumatatu. Inaweza kuwa shukrani tu.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 13 Juni
Ameajiriwa. Anaanza mwezi ujao.

Alinikuta posta. Nikakaa kwenye ngazi, watu wakinipita.

Tajiri alimwuliza alijuaje, wakati dereva kahesabu mara mbili. Akamjibu kwamba kwao vifaranga hawahesabiwi hata wakishaanguliwa, wanajulikana. Tajiri alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 15 Juni
Ngaramtoni. Mawingu yamefunguka, mlima wote unaonekana. Mama alikuwa amekwisha kusikia. Sokoni habari hutangulia gazeti. Akauliza kama na wengine wamepata kazi. Nilitaka kutaja idadi. Nikasema wapo.

Jioni tukasimama langoni, Naserian katikati. Ng'ombe wakaingia mmoja mmoja. Mama akatazama, Naserian akatazama. Wakafunga lango.