Valvu Nne za Mpira

Handeni,
14 Julai 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulilalamika kwamba barua zangu ni "sijambo, na wewe je" halafu basi. Leo ni Jumapili, nina mchana mzima, na naahidi kukueleza yote, ya furaha na ya aibu, bila kuficha hata moja.

Afya yangu ni njema, alhamdulillahi. Kile kikohozi nilichotoka nacho kwa mama Kilindi kimekwisha. Maji yanatoka siku mbili tu kwa wiki, kwa hiyo kila ndoo bwenini imeandikwa jina kwa rangi ya kucha, ileile ambayo matroni anadhani alishatunyang'anya yote. Kiingereza nimepata themanini na saba, na Madam Rosina alisoma insha yangu mbele ya darasa. Fizikia nimepata arobaini na moja. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza.

Ya pili ni hii. Siku ya wazazi sikuwa na mtu. Najua wewe ulikuwa kazini na mama ana mapacha mgongoni. Nikawaambia wenzangu baba yangu anatengeneza nyumba yenye matairi. Mwanaisha, anayelala kitanda cha juu yangu, akapiga kelele, "Nyumba ina matairi? Na choo je? Mtu anaingia chooni Korogwe, anatoka yuko Mombo!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Tafadhali nieleze vizuri hilo tela la bwana Yatin nipate la kumjibu.

Na nieleze habari ya Kilole. Uliponisindikiza stendi mwezi wa sita ulisema ukipata kazi ya kudumu utapanga vyumba viwili huko Kilole, chako na changu, nami nitahamia shule ya kutwa hapo Korogwe. Likizo hii, kwa mama na mume wake, yule mdogo wa miaka mitatu alikuwa anamuuliza kila asubuhi, "Mgeni anaondoka leo?" Hana ubaya, ni mtoto. Lakini mgeni ndiye mimi. Je, neno lile la stendi lilikuwa la kweli, au ulitaka tu nipande basi bila kulia?

Mwanao,
Yusra


Korogwe,
20 Julai 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba, mama. Barua yako Shukuru kondakta amenipa leo, ikiwa inanukia machungwa ya abiria wake. Mimi ni mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Nimefurahi sana kwa Kiingereza. Hiyo fizikia tutaizungumza.

Mwambie huyo Mwanaisha kwamba choo kipo kweli. Tela lina vitanda viwili, jiko, sinki na kabati, na linavutwa na gari. Bwana Yatin, yule mwenye duka la vipuri, amelinunua kwa Mzungu aliyechoka kusafiri, na anataka kulikodisha kwa watalii wanaopanda Lushoto. Magurudumu yake manne ameyaweka mikononi mwangu.

Sasa sikiliza. Limekuja na vidude vinne kama vifuniko. Vinafungwa juu ya valvu, yaani ule mdomo mdogo wa tairi tunaopitishia upepo. Kila kimoja kinapima upepo wa tairi lake na kupeleka habari kwenye kioo kidogo mbele ya dereva. Bwana Yatin anaviita sensa, sisi tunaviita vipima upepo. Habakuki dereva alipokiona kile kioo akasema, "Fundi, sasa matairi yana daktari wao. Presha yako wewe nani anapima?"

Vimekuja na kitabu, chote Kiingereza. Bwana Yatin akaniuliza, "Fundi, Kiingereza unasoma?" Mwanangu, nikamjibu, "Nasoma, bwana." Nilikuwa nimesimama mbele ya Habakuki na wateja watatu, na kazi niliihitaji. Akanikabidhi kitabu, akasema, "Fuata kila neno." Nimekitoa kopi, kurasa kumi na mbili, nimezitia humu. Nakuomba unifasirie. Usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyeomba.

Mimi huku nimeshaanza. Nimeng'oa valvu kuukuu na kutia mpya nne za mpira. Za chuma hapa Korogwe hakuna, huagizwa Dar na huchukua wiki mbili, na safari ya kwanza ni Jumamosi tarehe 27. Likienda na kurudi salama siku hiyo, naandikwa kazi ya kudumu. Nikichelewa, yuko fundi wa Mombo anayeisubiri nafasi hii.

Neno la stendi ni la kweli. Bi Fatu wa Kilole ana vyumba viwili, na kimoja kina dirisha linalotazama mgomba. Nimemwambia hicho ni cha binti yangu. Atanishikia mpaka nipate jibu la kazi.

Baba yako,
Mwinjuma


Handeni,
24 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Mimi ni mzima.

Tafsiri yako hii hapa, imejaza karatasi sita mbele na nyuma. Nimeifanya siku mbili, na Madam Rosina aliponiuliza nikamwambia ni zoezi langu mwenyewe. Akasema mwandiko umependeza.

Soma polepole ukurasa wa nne. Kila kipima kina namba ya gurudumu lake, na ukihamisha gurudumu kutoka kulia kwenda kushoto, kama mnavyofanya gereji ili matairi yalike sawa, lazima kipima kibaki na namba ya mahali pake. La sivyo kioo kitamwambia dereva tairi la kulia linaisha upepo, kumbe ni la kushoto. Ukurasa wa sita unasema upime upepo asubuhi, kabla gari halijatembea, tairi likiwa halijapata moto. Taa nyekundu ikiwaka, dereva asimame, asiseme "tufike pale mbele kwanza." Hilo la mwisho nimeliongeza mimi kwa ajili ya Habakuki.

Shukuru anapiga honi getini. Baba, hilo dirisha la kwenye mgomba, lina wavu wa mbu? Jumamosi nitakuombea kuanzia alfajiri.

Mwanao,
Yusra


Handeni,
11 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sijambo.

Jumamosi ya safari imepita, na nyingine, na nyingine tena. Kila Shukuru akipita naenda getini, na mlinzi ananiona tu anatikisa kichwa kabla sijafika. Juzi nilimkuta Shukuru mwenyewe. Nikamwuliza kama hana mzigo wangu. Akasema, "Mzigo sina, lakini tela la Yatin limelala mtaroni njia ya Lushoto, hujasikia? Korogwe nzima inajua." Nikamwuliza, "Na fundi?" Akasema, "Fundi yupo, nimemwona sokoni kafunga mkono kitambaa." Halafu abiria wakamwita, akaondoka.

Mkono gani, baba? Umeumia wapi? Nimemwomba matroni simu yake nikupigie, akasema simu ni kwa misiba tu. Nikamwambia sijui kama ni msiba au siyo. Akanipigia. Hukupatikana.

Hata neno moja tu, baba. Hata "nipo."

Mwanao,
Yusra


Handeni,
25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwanza, halafu usome. Nilisema nitakueleza yote, na sikukueleza.

Ukurasa wa tisa, chini kabisa, kuna kisanduku chenye maandishi madogo. Kimesema hivi: vipima hivi visifungwe juu ya valvu za mpira. Kipima kina uzito, gari likitembea kinayumba, na valvu ya mpira huchoka na kukatika shinani. Kwenye tela valvu ziwe za chuma, na zibadilishwe kabla ya safari.

Nilikielewa, baba. Hakuna neno hata moja lililonishinda. Nilikiandika kwenye karatasi yangu ya kwanza, kisha nikachukua barua yako nikasoma tena: za chuma huagizwa Dar, wiki mbili, safari Jumamosi, fundi wa Mombo anasubiri. Nikaona lile dirisha. Nikajiambia baba amefunga valvu za mpira tangu sijazaliwa, atajua mwenyewe. Nilipokuwa nanakili kwenye karatasi safi, nikatoka mstari wa juu ya kisanduku nikaenda ukurasa wa kumi.

Nilidhani nasaidia tuwahi. Sikuwaza kwamba wewe ndiye utakuwa ndani ya gari hilo.

Ile karatasi ya kwanza ninayo. Naiweka humu, uone kwamba kisanduku kipo kwa mwandiko wangu, na kwamba nilijua. Kama hukujibu kwa sababu ya mkono, pole sana baba. Kama ni kwa sababu umeshajua, basi niambie hivyo.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Yusra


Korogwe,
3 Septemba 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Wewe ni mwanangu, na usirudie kuniandikia "kama." Samahani kwa mwandiko huu. Ni vidole viwili vya mkono wa kulia, jeki iliteleza wakati tunalinyanyua tela. Vinapona. Simu nayo ilibaki mtaroni.

Tulipita Mombo vizuri. Wageni wawili walikuwa nasi, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakafurahi. Tukaanza kupanda. Kwenye kona ya saba au ya nane kioo kikaonyesha vistari tu mahali pa gurudumu la nyuma kushoto. Habakuki akasema, "Betri hiyo imekwisha." Hakuna taa iliyowaka, maana kipima chenyewe kilikuwa kimeshadondoka pamoja na kipande cha valvu. Upepo wote ulitoka mara moja. Tela likavuta, likainama, likalala kwenye mtaro. Mungu alipenda mtaro uwe upande wa mlima, si wa bonde. Wageni hawakupata hata mchubuko. Sinki limepasuka na ubavu mmoja umebonyea.

Bwana Yatin alikuja na kile kitabu nilichokwisha kumrudishia. Akainama kwenye gurudumu, akakitazama kipande cha valvu kilichobaki, akafungua ukurasa wa tisa akanisomea kwa Kiswahili pale pale barabarani. Kisha akaniuliza, "Fundi, hili ulilisoma?" Nikajua papo hapo kwamba kwenye karatasi zako halikuwemo, kwa kuwa zile karatasi nazijua kwa moyo.

Nikasema, "Nililisoma, bwana. Nikapuuza."

Akaniambia, "Asiyejua ningemfundisha. Wewe ulijua ukawapandisha watu mlimani. Huyo simtaki." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Habakuki aliyekuwa ananitania kila siku alinibebea sanduku la vifaa mpaka kwenye basi.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani ulipitiwa tu, na sikutaka ujue kwamba mstari mmoja umefanya hayo. Kila nikianza barua nilikuwa naona ningekuuliza. Sasa umesema mwenyewe. Umekosea, Yusra, na kosa ni kubwa. Lakini mimi ndiye niliyesema nasoma. Ningesema sisomi, bwana Yatin angenisomea mwenyewe kwa dakika kumi, pale dukani, na kikombe cha chai.

Nimerudi kuziba pancha za bodaboda hapa stendi. Chumba kimoja cha Bi Fatu kimeshachukuliwa na mwalimu. Kile cha mgomba ameniambia mwisho wa mwezi huu, halafu basi.

Soma. Jiandae na mtihani. Usimwambie mtu habari hii, itaisha.

Baba yako,
Mwinjuma


Handeni,
6 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa vidole. Nimeisoma barua yako nyuma ya maktaba, mara tatu. Namshukuru Mungu kwa ule upande wa mlima.

Jana nilikwenda kwa Madam Rosina nikamwambia lile halikuwa zoezi. Sikukutaja kwa jina. Nilisema tu kuna mtu aliniamini nimtafsirie, nikaruka jambo kwa kuwa lingetuchelewesha. Hakunigombeza. Aliuliza, "Na aliyeadhibiwa ni nani?" Kisha akanipa karatasi mbili na bahasha, akatoka kwenda darasani.

Nimemwandikia bwana Yatin. Nimemweleza kwamba baba yangu hasomi Kiingereza, kwamba kurasa zote nilizitafsiri mimi, na kwamba kisanduku cha ukurasa wa tisa nilikiona nikakiacha. Nimesema fundi wake hakupuuza neno lolote, kwa kuwa yote niliyompa aliyafuata. Nimesema pia kwamba uliposema "nasoma" uliona haya, na kwamba barabarani ulisema "nililisoma" kwa ajili yangu. Sikumwomba akurudishe. Niliona si haki yangu kuomba.

Najua itakavyokuwa. Dukani kuna wateja, na bwana Yatin akisoma kwa sauti, mpaka jioni stendi nzima itajua kwamba fundi Mwinjuma alitafsiriwa kitabu na mtoto wa kidato cha pili. Umeniambia nisimwambie mtu, na sitaki kukuvunjia neno mara ya pili. Lakini yeye mwenyewe alikuambia asiyejua angemfundisha, baba. Na mwisho wa mwezi si mbali.

Barua yake iko ndani ya daftari langu la Jiografia, bahasha sijaibandika. Hii yako atakuletea Shukuru, anapita Jumatatu saa sita mchana akielekea huko, na anaweza kunirudishia jibu lako Jumanne. Ile ya bwana Yatin sitamkabidhi mpaka nione mwandiko wako, hata ukiwa umepinda.

Niitume, baba?

Mwanao,
Yusra