Matuta Mia Moja na Ishirini

Tse Ugba,
Njia ya Zaki Biam,
27 Juni.

Mpendwa mwanangu Terdoo,

Pokea salamu zangu huko Sokoto. Natumaini joto la huko halikuchoshi na kwamba kile kikohozi cha Machi kimekwisha. Mimi ni mzima. Mshono wa ngiri niliyopasuliwa mwaka jana umefunga, ila nikiinama kwa muda mrefu unanikumbusha umri wangu. Mama yako mkubwa hajambo. Anauliza kama unakula vizuri. Mvua zilianza kwa wakati.

Barua yako imenifikia. Umeandika kwamba Kyagba alikupigia simu, akalia, akakuomba unisihi nimsamehe. Simlaumu kwa kulia. Namlaumu kwa kukueleza nusu ya habari, nawe umeniandikia kana kwamba nusu hiyo ndiyo yote.

Unakumbuka kwamba mwezi wa Juni uliopita nilikuwa nimelazwa, na zamu ya kikundi chetu cha kazi iliangukia shamba langu. Kwa kuwa sikuwapo, Shiaondo, mkuu wa kikundi, alimweka Kyagba kuwa msimamizi, maana ni jirani yangu na mashamba yetu yamepakana. Mama yako mkubwa alichinja mbuzi, akatwanga viazi vikuu, akapika mchuzi wa ufuta. Walikula wakashiba.

Zile nyasi ndefu unazijua. Majani yake si kitu. Uovu wake uko chini, katika mizizi mikali kama sindano. Usipoichimba yote, hupenya ndani ya tuta na kutoboa kiazi. Kyagba aliamuru zifyekwe juu kwa juu, ili wamalize mapema na kukiwahi chungu cha pombe ya mtama. Mmoja wao alipouliza habari za mizizi, Kyagba alimjibu, "Nyasi hizi hufia kichwani, zikikatwa juu zimekwisha! Mzee Mwalimu yuko wodini, ataona nini?" Wakacheka. Maneno hayo nililetewa na Shiaondo mwenyewe, baada ya kuona hasara yangu.

Nilivuna Oktoba. Tundu la mzizi ni dogo kuliko tundu la msumari, na macho yangu hayakuliona. Nikavifunga viazi ghalani kama kawaida. Desemba harufu ikanifikia hadi kitandani. Nilivigusa vya juu, vidole vikazama kama ndani ya uji. Mbegu ya bibi yako, ambayo alikuja nayo kichwani siku alipoolewa, na ambayo sijawahi kuikosa tangu nijue kushika jembe, ilibaki kiasi cha kupanda matuta tisa tu. Matuta tisa, Terdoo! Mbuzi mmoja akikata kamba, mbegu hiyo imetoweka duniani. Kyagba niliwahi kumgawia mbegu hiyohiyo, na shamba lake limejaa.

Sikumwambia neno. Nilingoja zamu yake miezi sita.

Wiki mbili zilizopita ilifika. Nilikwenda alfajiri na jembe langu, nikashika mstari wa kwanza, nikafyeka nyasi juu kwa juu, na kikundi kizima kikanifuata, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusema na Shiaondo. Kyagba alikuja akikimbia, wakwe zake wawili wakiwa nyuma yake.

"Mwalimu, mbona mnalinyoa shamba? Mizizi je?"

"Nyasi hizi hufia kichwani," nikamjibu.

"Aa, Mwalimu! Hata mtoto anayenyonya anajua mizizi ikibaki kiazi kinaoza!"

"Rudia, Kyagba. Masikio yangu ni ya kizee."

Wenzake wakaangua kicheko. "Mrudilie mzee, bwana shamba! Paza sauti, wakwe nao wasikie!" Ndipo alipotambua alichokisema. Tukamaliza kazi yetu kabla ya saa nne, tukala mbuzi wake, nami nikaomba niongezewe mchuzi.

Kikundi kilikaa palepale kikaamua: Kyagba akivuna, atanipa viazi vya mbegu vya matuta mia moja na ishirini, nami nitachagua matuta hayo kwa mkono wangu. Alikubali kwa kichwa tu.

Nakiri kwamba usiku ule furaha yangu iliingia doa. Niliagiza shamba lile lifyekwe vibaya, na sasa mbegu ya mama yangu imo ndani ya shamba lilelile. Mizizi haijui kiazi kipi ni cha adhabu na kipi ni cha Kyagba.

Basi nimefanya hivi. Nimechagua matuta mia moja na ishirini ya upande wa barabara, nikachomeka kijiti mwishoni. Kila asubuhi nakwenda kuyachimbia mpaka mzizi wa mwisho, naianika juu ya jiwe ikauke. Nikifika kwenye kijiti nafuta jembe na kurudi nyumbani. Kyagba hukaa kizingitini akitazama. Jana alisema, "Mwalimu, hilo linalofuata nalo limeota sana." Nikamwambia nimeliona.

Umeniomba nimsamehe. Nitalifikiria jambo hilo atakapofungua ghala lake Desemba, nami nitakuwapo, nikinusa.

Mkewe Mbafan hakuhusika. Niligundua kwamba nikiondoka huanza yeye, peke yake, kwenye tuta la mia moja na ishirini na moja, kwa jembe lililolika. Kwa hiyo nikimaliza namwachia langu pale kijitini, na asubuhi nalikuta limeoshwa. Nimempa sharti moja tu: mumewe asiliguse.

Msalimu mkeo Dooshima, umbusu mjukuu wangu mdogo Sewuese, na umfikishie salamu binamu yako Aondona akipita huko. Mungu akulinde njiani na kazini, akurudishe nyumbani wakati wa mavuno, ule kiazi kisicho na tundu.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye bila kupungua,

Akaahan Ugba