Mchumba Wangu Anafunga Ramadhani, Baba Anadhani ni Kwaresima

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Pasaka, maana Pasaka ikifika nitakuwa nimechelewa, na naomba usiandike jina langu la kweli, niite Melania. Mimi ni Mkatoliki, naishi Katonga hapa Kigoma, nanunua dagaa wabichi kwa wavuvi, nawaanika na kuwauza, na kwa kazi hiyo ndiyo nilimfahamu Faridi, Mwislamu wa Ujiji mwenye mitumbwi yake miwili ile inayofungwa pamoja kwa magogo kuvulia dagaa, ni mtu mpole, hanywi, hagombani na mtu, na tumependana kwa nia ya kuoana, si mchezo.

Mama yangu alifariki, nimebaki na baba. Baba ni katekista, watu wote wa huku wanamfahamu, na nilipomtajia Faridi hakupiga kelele, alisema tu, "Binti yangu hataolewa nje ya kanisa nikiwa hai, huyo kijana akikutaka apitie mlango wa kanisa." Faridi alipoambiwa akajibu palepale, "Basi nitabatizwa, tatizo liko wapi?" Nikafurahi mpaka nikalia, nikaona Mungu amenijibu, kumbe siku zilezile na yeye alikuwa ameshamwambia mama yake, Bi Mwanne, kwamba mimi nitasilimu, na nilipomuuliza akaniambia, "Mela, mama naye lazima apewe cha kumtuliza, wewe unadhani ni baba yako peke yake mwenye dini?" Nami nikakubali. Tukapanga abatizwe Pasaka, tufunge ndoa kanisani Katonga, baadaye twende Ujiji tufungishwe nikahi mbele ya jamaa zake tu, halafu kila mmoja arudi kwenye dini yake taratibu na wazee watazoea, na kusema kweli wakati ule tuliona tuna akili kuliko wao.

Mafundisho ya baba kwa wavuvi hufanyika mchana, siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na mitumbwi inabaki nchi kavu, basi Faridi alikuwa anakuja kila mbalamwezi, na mimi namfundisha majibu pembeni ili asikwame, naye ana kichwa chepesi, akishika kitu hakitoki. Baba akawa anawachapa wenzake kwa jina lake, "Huyu Mujiji amewashinda ninyi mliobatizwa mkinyonya, ninyi Nasadiki mnaimung'unya kama samaki mgebuka mwenye miiba!" Watu wanacheka na Faridi anacheka nao. Alipotakiwa kuchagua jina la ubatizo akachagua Yusufu, akaninong'oneza, "Hili huku na kule nitaitika."

Na mimi kwa upande wangu nilikuwa naenda Ujiji Jumamosi kumsaidia Bi Mwanne kuuza mawese, na katika kukaa pale akaanza kunifundisha kutawadha na namna ya kusimama kuswali, naye ameshanipa jina, ananiita Shadia. Nikimpa shikamoo ananijibu, "Marahaba, Shadia wangu. Hilo ni jina la mama yangu mzazi, usije ukalitupa kama ganda la muwa." Mshauri, yule mama ananipenda, hanipendi kwa kujifanya, na kila akiniita hivyo najisikia kama nimeingia nyumba ya watu kwa kupitia dirishani.

Sasa mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza pamoja. Faridi akaja kwenye mafundisho midomo imekauka, wenzake wanapitishiana chupa ya maji yeye anaipitisha tu bila kunywa, na baba akamuuliza, "Yusufu, hunywi?" akajibu, "Nimefunga, mzee." Hakusema mfungo gani. Baba akawageukia wengine, "Mmemsikia? Hajapata hata tone la maji ya ubatizo na amefunga namna hii, ninyi mmeacha nyama Ijumaa mnataka mpigiwe makofi!" Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua ni Ramadhani, nikaangalia chini.

Baba yangu ana kisukari. Anajua kwamba kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga, wala mzee wa umri wake, yeye mwenyewe ndiye anayefundisha hivyo, lakini tangu siku ile akaanza kufunga kama Faridi, hali na hanywi mpaka jua lizame, chakula nachomwekea narudi kutoka mwaloni kwa wavuvi nakikuta na kawa lake juu. Nikamwambia, "Baba, una sukari." Akaniambia, "Sukari ninayo tangu zamani, mwana wanje, mwanangu, aibu ndiyo mpya. Mtu niliyemfundisha ishara ya msalaba juzi ananipita, nami natembea na andazi mfukoni?" Jumapili iliyopita akaanguka kanisani akisoma somo, tukampeleka zahanati wakamtundikia dripu wakamlaza, na aliporudi nyumbani akasema ataendelea mpaka Pasaka kwa sababu ndiye atakayeita majina ya wanaobatizwa na anataka aite jina la Yusufu akiwa amelistahili.

Nikamfuata Faridi kwenye mitumbwi nimwambie basi, tuseme ukweli. Nikamkuta na rafiki yake Dadi wanatengeneza nyavu, hawajaniona, Dadi anamtania, "Wewe Yusufu, leo unafuturu kwa mama au kwa padri?" Faridi akamjibu, "Nyamaza bwana, maji ya kichwani yatakauka kabla sijafika Ujiji. Nikishaoa nitaswali kama nilivyozaliwa." Walipogeuka wakaniona. Dadi akaondoka. Faridi akasema, "Mbona umenuna, si ndivyo tulivyokubaliana?" Na ni kweli, ndivyo tulivyokubaliana, sina cha kumlaumu, lakini kusikia kwa masikio yangu kumenikata maini. Nikamwambia baba ameanguka. Akaendelea na nyavu zake, akasema, "Mimi sikumwambia afunge."

Nampenda. Wakati mwingine najiambia tuache mambo yaende, Mungu anaona mioyo, anajua hatuna ubaya, na wako wengi waliofanya hivi wana watoto na nyumba zao. Lakini nikimwangalia baba anavyotembea akishika ukuta nashindwa kulala. Nikisema, nitampoteza Faridi, na baba hataniamini tena, na Bi Mwanne ataona nilikuwa namchezea. Nisiposema, sijui. Naomba unishauri, nimalize mpango huu au niuvunje?

Melania, Katonga

*

Melania,

Waliopanga uongo huu ni wawili, wewe na Faridi, na aliyelazwa zahanati si mmoja wenu. Jibu la swali lako liko hapo. Uvunje. Naandika yanayofuata ili uuvunje vizuri, kwa sababu mambo ya namna hii yakivunjwa vibaya huumiza watu mara ya pili.

Nakuhurumia, na sidhani kwamba ninyi ni watu wabaya. Mlikuwa na wazee wawili msiotaka kuwaudhi, mkaona ni rahisi kumpa kila mmoja anachotaka kusikia. Vijana wengi wa mwambao huu wamepita njia hiyo kabla yenu. Lakini usijifariji kwa kusema Mungu anaona mioyo. Anaiona, sawa. Asiyeiona ni baba yako, na ndiye anayekaa na njaa.

Ubatizo si cheti cha kuombea mke. Anayebatizwa mtu mzima huulizwa mbele ya kanisa kama anaamini, naye hujibu mwenyewe kwa kinywa chake. Faridi ameshakuambia, kwa maneno ambayo hayahitaji tafsiri, kwamba atajibu uongo. Wewe ndiye uliyemfundisha majibu hayo. Ukikaa kimya siku hiyo hutakuwa mtazamaji.

Na wewe unapotawadha Ujiji unamfanyia Bi Mwanne jambo lilelile. Katika barua yako umemlilia baba zaidi, naelewa, ni baba yako. Lakini mama yule amekupa jina la mama yake mzazi. Swala kwake ni swala, si onyesho la kumfurahisha mkwe. Mkristo hana ruhusa ya kuchezea imani ya jirani yake eti kwa kuwa si yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo inaonekana hakuna aliyewaambia, kwa sababu hamkumuuliza mtu yeyote swali la kweli. Kanisa lako linayo njia kwa Mkatoliki anayetaka kuoana na mtu asiyebatizwa. Padri hupeleka maombi, askofu akiona sababu anatoa ruhusa. Wewe unaahidi kushika imani yako na kufanya yote unayoweza watoto wabatizwe na kulelewa ndani yake. Mwenzako haahidi hayo, lakini lazima aelezwe wazi kwamba wewe umeahidi. Na ndoa ikishafungwa hivyo hairudiwi kwa ibada ya dini nyingine, kwa hiyo ile safari ya Ujiji mliyopanga haimo. Kwa upande wa Faridi, amuulize sheikh wake. Ataambiwa kwamba Mwislamu kuoa mwanamke Mkristo ni jambo linalojulikana katika dini yake, na mwanamke halazimishwi kusilimu ndipo aolewe. Kwa maneno mengine, huenda uongo wote wawili haukuhitajika.

Usikimbilie kushangilia. Sijasema njia hiyo ni nyepesi, wala sikusukumi uipite. Mtume Paulo alipowaonya Wakristo wasifungwe nira moja na wasioamini hakuwa anawatukana majirani zao. Alijua mzigo ulivyo. Wewe umeona mitumbwi ya Faridi ilivyofungwa pamoja: mmoja ukielekea kaskazini Kagunga na mwingine kusini Ujiji, magogo ndiyo yanayovunjika. Katika barua yako ndefu umetaja dagaa, mawese, majina na harusi mbili. Watoto wenu wewe na Faridi hukuwataja hata mara moja. Wa kwanza akizaliwa, atapelekwa kwa padri au atasomewa adhana sikioni? Akifa mmoja wenu, atazikwa na nani? Mwezi wa mfungo nyumba itapika saa ngapi? Mmekuwa na muda wa kupanga namna ya kuwadanganya wazee, muda wa kuulizana haya haukupatikana.

Muulize Faridi. Muulize mchana, akiwa nchi kavu, Dadi asiwepo. Usimwambie jibu unalotaka kama ulivyozoea kwenye mafundisho. Akisema watoto watakuwa Waislamu, na mwanamume wa Ujiji mwenye dini yake ana kila sababu ya kusema hivyo, usimwite mbaya. Atakuwa amekuambia ukweli kwa mara ya kwanza tangu mchumbiane. Hapo utajua kwamba huwezi kuweka ile ahadi mbele ya padri, na mtaachana bila matusi. Akisema vingine, nendeni wote wawili kwa padri mkazungumze kwa uwazi, bila haraka, na msitaje tarehe yoyote. Mtu anayekupenda atasubiri.

Wapo watakaokushauri mwende bomani, mfunge ndoa ya serikali, yaishe. Sheria inaruhusu. Lakini maswali yale yatawafuata mpaka kwenye ngazi za ofisi ya mkuu wa wilaya na kurudi nanyi nyumbani. Wewe Mkatoliki utakuwa umejiondoa mwenyewe kwenye meza ya Bwana kwa kukwepa mazungumzo ya saa moja na padri.

Unaogopa kumpoteza Faridi. Inawezekana ukampoteza, sikufichi. Unaogopa Bi Mwanne ataona ulimchezea. Ataona hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nenda Ujiji mwenyewe, usitume mtu wala ujumbe wa simu, kaa chini mbele yake, mwombe radhi na umrudishie jina lake kwa heshima. Faridi awepo, na yeye ndiye aanze kusema, kwa kuwa yeye ndiye aliyemdanganya kwanza. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea.

Lakini kabla ya Faridi, kabla ya padri, kabla ya Ujiji, kuna baba yako. Usimngoje Faridi akubali. Hilo ni lako peke yako, na ni la leo. Mwambie mfungo ule ulikuwa wa Ramadhani na wewe ulijua. Atakasirika, na pengine atakaa siku nyingi bila kukusemesha. Vumilia. Akikuuliza kama kijana yule alikuwa anamdhihaki, usimfiche na usimzidishie. Mwambie kwamba kwenye mafundisho alikuwa anaigiza na wewe ulimsaidia, ila kwenye mfungo hakuigiza. Alifunga kweli, kwa Mungu anayemwamini, katika dini yake. Baba yako ni mtu wa sala, hilo atalielewa mapema kuliko wewe.

Kisha mwekee chakula, fungua kawa, na usiondoke hapo mpaka ale.