Ugonjwa Uliouacha Ndani ya Injini

Mwalimu Numbi,

Injini yako imewaka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, usingesoma lingine kabla ya hilo.

Tangu tukuzike haikutoa hata kikohozi. Watu wa Kamina walisema imekufa pamoja na mwenyewe. Prefe wetu, huyu mkuu wa shule, na suti yake ya abakosti iliyonyooshwa kwa pasi, akakubali upesi, maana injini iliyokufa haichafui mtu. Akaamuru ipakwe rangi ya kijani, bolti na yote, akapanda maua kuizunguka. Wageni wakija kutoka Lubumbashi wanapiga nayo picha, na wanafunzi wanapita hapo hapo na ndoo za maji kichwani, kwa sababu pampu iliyokuwa ikiendeshwa nayo imesimama. Karakana ameitia kufuli. Injini sasa inafundishwa ubaoni: mafuta kwa chaki nyekundu, hewa kwa chaki ya buluu, nao wanakariri. Eti hao ndio wahandisi wa kesho wa Zaire! Wanajua kuandika "bomba" kwa Kifaransa bila kosa, na bomba lenyewe hawajawahi kulishika.

Siku ya mazishi yako prefe alisimama akasema ulikuwa mtu wa vitabu. Nililia, Mwalimu, lakini kicheko nacho kilikuwepo. Wewe uliyekuwa ukitunyang'anya madaftari mlangoni! Wewe uliyetutangulia asubuhi, ukaiharibu injini kwa makusudi, kisha ukatupokea na uso wa msiba: "Motere iko mugonjwa, batoto. Mutafute kwenye inaumia." Aliyekimbilia spana kabla ya kusikiliza alipata kibao cha mkononi. Aliyejibu kwa maneno aliyokariri ulimwambia, "Ile njo ya kitabu. Ya huyu iko wapi?"

Mimi, niliyerithi darasa lako, nilimwomba prefe ufunguo wa karakana nipate spana. Akacheka, akaniuliza kama nimeichoka Kamina, maana huko Kabondo-Dianda wanatafuta walimu. Halafu nikakumbuka neno moja ambalo mwoga kama yule hawezi kulikataa. Salongo. Kila Jumamosi tunafyeka majani kwa jina la taifa, na nani atathubutu kumzuia situayeni, mwananchi, anayefanya usafi? Nikamwambia mbele ya walimu wote, "Situayeni Prefe, tunaomba kufanya salongo ya motere." Akatabasamu kwa meno yote, akatoa ufunguo.

Jumamosi hiyo mimi na wanafunzi tukakwangua rangi yake ya kipumbavu, kisha tukafungua. Ilunga, mtoto wa mvuvi wa Kinkondja, alilegeza bomba la mafuta, yakamtiririka vidoleni. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, mazuti ilishaoza. Haiko nyekundu."

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza. Mtoto yule ndiye wa kwanza darasani, Mwalimu, wa kwanza! Prefe nilikuwa nikimdharau tu. Siku ile nilimchukia.

Nikamwambia Ilunga aachane na mafuta, aweke kiganja kwenye mdomo wa bomba la hewa huku mwenzake akiizungusha injini kwa mkono. Akaweka. Akakunja uso. "Haivute," akasema. Hakuna aliyemfundisha jibu hilo, ni kiganja chake kilichomwambia. Akaingiza vidole ndani, akapekua, akachomoa kitambaa.

Kilikuwa kile kipande cha kitenge cha Mama mkeo, chenye ndege, ulichozoea kutufichia humo. Ulikitia asubuhi ile ya mwisho, homa ikiwa tayari mwilini. Ukarudi kulala kidogo, na hukuamka kuja kuwauliza watoto iko inaumia wapi. Nilikaa chini pale kwenye majani. Injini haikufa. Ilikuwa inangoja swali lako lijibiwe, na yule juha akaipandia maua.

Tuliporudisha vyote, ilikohoa, ikatema moshi mchafu, ikaunguruma. Maji yakapanda. Prefe akaja mbio, akasimama mbali asichafue viatu, akawahutubia wanafunzi: "Munaona? Teori ikiwa nguvu, pratiki inakuya yenyewe." Yaani mtu huyo, eti nadharia ya ubao wake ndiyo iliyoiwasha! Nikampigia makofi. Ningefanya nini? Ilunga hakupiga. Alikuwa ananusa vidole vyake.

Ufunguo sijaurudisha, na yeye hajauulizia, kwa kuwa salongo ya motere imeshamletea sifa kwa wakubwa. Mwache azile.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Kitambaa ninacho mfukoni, sijakifua. Nakuahidi, Jumamosi ijayo nitawatangulia asubuhi, kabla mtoto yeyote hajafika. Huko uliko, ukisikia injini yako imenyamaza tena, usihuzunike. Ni mimi.

Mwanafunzi wako,
Kasongo