Mtoto Analilia Jina

Buguruni, Dar es Salaam
9 Juni 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza afya yako na ya mjomba Anselmo, na kama mguu wako umepata nafuu. Kasimiri aliporudi kutoka Masasi alituambia mmeshahamia kijiji kipya, na nyumba yako imebakia kuezekwa tu. Nilishukuru, kisha nikaanza kulifikiria kaburi la dada Rosalia lililobaki peke yake kule kwenye mahame. Nani anafyeka majani sasa?

Sisi huku ni wazima kwa kiasi. Mjukuu wako ametimiza miezi mitatu, na paji lake la uso ni la kwenu, hilo halina ubishi. Ila analia, Mama. Si kilio cha njaa wala cha tumbo, maana hivyo ndivyo ninavyolipwa nivijue. Analia akiangalia nyuma ya bega langu, na mara mbili nimegeuka kutazama.

Likizo ya uzazi imekwisha, nimerudi zahanati. Napima watoto, nawafundisha kina mama kunyonyesha, nao wananisikiliza kwa adabu, hata wenye watoto saba. Ungecheka kuniona ndani ya gauni jeupe. Lakini nyumbani mwanangu akishika ziwa huliachia na kugeuza uso, na mimi mwalimu wa wenzangu nabaki nimekodoa macho. Kusema kweli naogopa. Najiona kama yaya aliyeachiwa mtoto wa watu, na mwenyewe yuko njiani kuja kumchukua.

Jirani yetu Bi Tunu, Mzaramo mwenye ulimi mkali, alisema mtoto analilia jina la marehemu fulani, na kwamba kama mhudumu mzima wa zahanati sijui hilo, basi sijui nilisomea nini. Mume wangu Gaspar alicheka, lakini Jumapili iliyopita alikubali. Bi Tunu akampakata mtoto, tukaanza kutaja marehemu mmoja mmoja. Wa upande wa Gaspar wakaisha, mtoto analia. Nikataja wa kwetu, bibi na shangazi wote, bado analia. Bi Tunu akauliza kama ndio wamekwisha, nami nikajibu wamekwisha.

Nilidanganya, Mama. Rosalia sikumtaja, na sababu nakuambia leo. Kile cheti chake cha darasa la nane ulichokitafuta sandukuni siku ya arobaini yake, ukawatuhumu watoto wa mjomba mpaka mkanuniana, nilikichukua mimi. Niliishia la nne, na kozi ya wahudumu wa zahanati ilitaka la nane. Huku naitwa Rosalia. Ndilo jina lililo kwenye kitambulisho cha kazi, na kina mama wananiita Sista Rosalia tangu asubuhi hadi jioni. Gaspar nilimwambia ni jina langu la ubatizo, na Bernadeta ni la nyumbani. Ningelitajaje kati ya wafu?

Jana nikiwa peke yangu nilifunga mlango, nikamwita mtoto kwa jina hilo, polepole. Alinyamaza. Akanitazama mimi, si bega langu, akashika ziwa na kunyonya mpaka akasinzia. Nililia mpaka kanga ikalowa. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, maana niliona dada amekuja kudai kilicho chake.

Asubuhi hii nimemweleza Gaspar yote. Tangu hapo amekaa uani anachonga mpini wa jembe, na jembe lenyewe hatuna.

Kesho nitampelekea bwana mganga wa zahanati gauni na kitambulisho. Huenda wakanifukuza tu, huenda wakaita polisi. Cheti atakihitaji yeye, kwa hiyo sikukurudishia humu, unisamehe. Ukisikia nimechukuliwa, panda basi uje umchukue Rosalia. Ananyonya vizuri sasa.

Msalimie mjomba, na watoto wake uwaombe radhi kwa niaba yangu, mmoja mmoja.

Ni mimi mwanao,
Bernadeta