Bibi wa Jikoni Aliandikwa na Nani

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 9 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa Saliha,

Assalamu alaikum. Kwanza nakujulia hali wewe, shemeji na watoto huko Kigoma. Mgongo wako umepata nafuu? Na Amira, bado anakataa mboga? Sisi huku tunaamka salama, alhamdulillahi, ingawa nyumba yetu si ile uliyoiacha. Mama anapika, anapakua, ananisogezea sahani bila kuniangalia. Moubarak analala hadi jua linapokuwa kali, kwa sababu hana pa kwenda.

Ujumbe wako niliupata. Uliniambia niende kwa mzee Hamoud nimwombe radhi, ili mdogo wetu Moubarak arudishwe dukani kwake na mama aitwe tena kupika kwenye harusi zao. Ulisema kalamu yangu imekula riziki ya nyumba nzima. Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Sasa nimefungua shajara yangu nikuandikie kwa tarehe, usije ukasema nimepamba.

Kile chama chetu cha waandishi unakijua kwa jina tu. Tulikianzisha mwaka jana mimi na Hiba, binti wa mzee Hamoud, niliyesoma naye mpaka tukamaliza sekondari. Kabla ya hapo tulikuwa tukienda kwenye kikundi kingine mjini, ambako kila mtu alipangiwa cha kuandika kwa kutazamwa sura. Mimi Mswahili wa Buyenzi niliombwa habari za Idi na pilau. Hiba, kwa kuwa ni Mwarabu, aliombwa habari za duka. Mathilde wa Carama, ambaye ni Mtwa, kabila linalojulikana kwa ufinyanzi, aliombwa habari za vyungu kila mara, na yeye ni muuguzi, hajawahi kufinyanga hata kimoja. Tukatoka.

Baba yake Hiba akatupa chumba juu ya duka lake la vipuri. Tukaweka kanuni moja, niliyoitunga mimi. Kila andiko, liwe la Kiswahili, Kirundi au Kifaransa, linapigwa chapa bila jina, linatiwa kapuni, na linasomwa kwa sauti na mtu mwingine. Mwandishi hatajwi mpaka atake mwenyewe, na kubahatisha ni marufuku. Kanuni ilifanya kazi. Mathilde alileta hadithi ya mapenzi tukacheka mpaka machozi, na hakuna aliyeuliza Mtwa anajua nini kuhusu hoteli za matajiri kule Kibenga. Baadaye aliniambia ni yake, na kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikilizwa na watu wasiomtazama.

Tarehe 4 Oktoba, mama yake Hiba, Bi Mahfudha, alituletea sambusa akakaa kusikiliza. Ildephonse, mwalimu mmoja wa Musaga, alichota andiko la Kiswahili. Lilihusu bibi mweusi aliyezaa watoto weupe katika nyumba ya matajiri. Wanawe walikula sebuleni, yeye jikoni. Wageni wakija, aliambiwa ni mtumishi. Mwanawe alipooa, bibi huyo ndiye aliyeshika bakuli la hina, na mgeni mmoja akamtilia noti mkononi kama bakshishi. Bibi akashukuru.

Bi Mahfudha aliweka sahani chini. Ilikuwa harusi yake mwenyewe. Alinitazama mimi, si mwingine, akashuka ngazi.

Yeye sikumshangaa. Mama amepika katika nyumba ile tangu sijazaliwa, akadhani nimesimuliwa. Kilichoniuma ni kwamba kila aliyekuwa chumbani aligeuza shingo upande wangu, watu walewale walioapa kutobahatisha. Ildephonse alinishika bega, akanishukuru kwa upole kwa kuwaonesha maumivu ya watu wangu. Nikamwambia si langu. Akatabasamu, akasema ananielewa, kanuni ni kanuni.

Jumatatu, tarehe 6, mzee Hamoud aliniita dukani mbele ya wateja. Hakupandisha sauti. "Mutoto wangu, mi nilikupa chumba, we umenipa aibu." Nilimwambia sikuandika mimi. Akauliza ni nani basi, ni yule Mtwa? Wateja wakacheka. Hiba alikuwa nyuma ya kaunta akipanga plagi za pikipiki kwenye rafu. Aliendelea kupanga. Mchana huo Moubarak alirudi nyumbani na koti lake la kazi ndani ya mfuko.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tarehe 18 Oktoba, baada ya alasiri, Hiba alikuja. Mama alikuwa msibani. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Ni mi niliandika," alisema. "Yule bibi ni mama ya baba."

Alimuuguza katika maradhi yake ya mwisho, na bibi akamweleza yote. Nilimwambia basi aende akamwambie baba yake.

"Apana, Waridi. We ukiomba musamaha, yataisha. Mi nikisema, baba atanifukuza. Na watu wote wameshaamini ni we."

Aliahidi kwamba siku nitakayoomba radhi, atahakikisha Moubarak amerudi kazini. Alilia kweli, dada, nami nilimpa maji. Lakini niliona kwamba ameandika yote yale juu ya bibi yake, na bado ananiomba mimi nikakae jikoni badala yake. Nilimwambia sitaenda. Na hata wewe, dada, uliyenifundisha kusoma, hukuniuliza kama ni mimi.

Jana tulikutana Musaga, barazani kwa Ildephonse, maana chumba cha juu ya duka hatuna tena. Nilipendekeza kwamba kuanzia sasa kila mtu asome lake kwa mdomo wake. Mathilde aliniuliza kama ni kwa sababu mimi nimeungua ndipo nawavua wengine nguo iliyowasitiri. Nikaomba tupige kura, maana nisingeweza kumweleza bila kumtaja mtu. Wengi walikubali, yeye akakataa. Hiba alifika amechelewa na karatasi iliyokunjwa, akamwomba Ildephonse amsomee.

"Hiba, soma mwenyewe," nilisema.

Aliipitia karatasi kwa macho, akaitia mkobani, akaondoka. Mathilde akamfuata. Niliwaona wakisubiri basi pamoja, wameshikana mikono. Nikabaki na watu wanaonisifu kwa andiko ambalo si langu.

Siri hii nimekupa wewe peke yako. Sitamtaja, na sitaomba radhi. Nimezungumza na fundi Mohamadi, atampokea Moubarak gereji kuanzia Jumanne, inshallah, kwa malipo madogo. Mama sijui nimwambie nini. Ukimpigia simu, mwambie tu umenisikiliza.

Msalimie shemeji na wanao mmoja mmoja, na ulale upande usiouma. Allah atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako,
Waridi