Nakosea kwa Kusudi

Mardi 5 mars 2024

Liévin, mwalimu wetu wa kuchora kule Karavia, amekubali BD yangu, hadithi ya picha! Safari ya familia yetu ya 2005: vita, Mitwaba mpaka huku Lubumbashi, miguu tu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka kama mwenye wazimu. Shida moja. Miye nilikuwa mu mugongo ya mama, sikujua kitu. Na mama hasemi. Ati BD iko ya batoto, ya kucheka tu.

Mercredi 6 mars

Eh, Mungu yangu! Nilisahau ukurasa ya kwanza ku meza, pembeni ya sahani ya bukari. Nilichora mama anabeba valizi, sanduku ya nguo. Akapita, akasimama. Valizi gani? Nani alikuwa na valizi? Tulifunga vitu mu kikwembe, sufuria ku kichwa! Alikasirika kabisa — na akaendelea! Chumvi, mbegu ya mahindi, kila kitu. Miye naandika mbio mbio. Miaka kumi na tisa kimya, leo valizi moja tu imemufungua kinywa.

Vendredi 8 mars

Sasa nakosea kwa kusudi. Nilichora viatu — mama: hapana, ndala, na moja ilikatika njiani. Nilichora muto mukavu — hapana! Ilikuwa mvula, maji mpaka kifua! Mama mudogo Bijou, mwenye alikuwa huku mujini wakati ule, anacheka: weye Kiki, uko mwizi. Ndiyo, mwizi! Kurasa sita! Leo mama mwenyewe aliniuliza: umechora nini?

Dimanche 10 mars

Tumetoka ku misa.

Bijou aliniambia zamani: yaya yangu Chama, mutoto mwenye mama alizaa mbele yangu, miaka mitano, alibebwa na ule muto. Mwili haukuonekana, basi hatukufanya kilio. Jina yake haitajwi mu hii nyumba. Ukurasa hii sikutaka kosa hata moja. Nilichora mama anamushika Chama mukono, nguvu yote, maji inamunyang'anya. Nilitaka kumuheshimu.

Mama aliangalia. Hakukasirika.

— Kiki, hapa umekosea.

Wapi, mama? Akaweka kidole ku ile mikono.

— Chama sikumushika. Mukono moja, sufuria. Ingine, weye, mu mugongo.

Ametaja jina! Nilitaka kupiga kelele, na nilitaka kulia. Akaenda mu chumba, akarudi na gomme yangu ya kufutia, akaiweka juu ya ukurasa. Amekaa hapa mbele yangu, na kitambaa yake ya misa ingali ku kichwa. Anangojea nifute ile mikono.

Miye naandika shajara.